SOMO LA KIKUNDI: Mtambo wa Bayogesi Hula Kila Siku



Kuna maboma huku kwetu kwenye majani chai ambapo mtambo wa bayogesi ulijengwa vizuri, mama akafurahi, halafu baada ya muda moto ukaisha. Watu husema, "Mtambo umeharibika." Lakini ukiangalia, mara nyingi saruji ni nzima na paipu ni nzima. Kilichokosekana ni samadi na mtu wa kuangalia. Mama amerudi kwa kuni na moshi, na mkopo bado unalipwa.

Bayogesi si jambo geni Kenya. Mtambo wa kwanza ulijengwa mwaka 1957 katika shamba la kahawa, na mwaka 2009 ulianza mpango mkubwa wa kuisambaza katika nchi kadhaa za Afrika, yetu ikiwemo. Ujuzi upo. Kazi iliyobaki ni utunzaji.

1. Jua kilicho ndani

Gesi haitoki kwa saruji. Inatoka kwa vijidudu vidogo visivyoonekana, ambavyo hula samadi mahali pasipo na hewa. Basi mtambo ni kama ng'ombe wa pili. Usipomlisha, hakupi kitu.

2. Kazi ya kila siku

Changanya debe moja la samadi mbichi na debe moja la maji. Koroga mpaka iwe kama uji. Toa majani makavu, mawe na mchanga, kisha mimina. Kilo 1 ya samadi hutoa karibu lita 40 za gesi, na jiko moja hutumia karibu lita 400 kwa saa. Kwa hivyo kilo 20 ni kama saa mbili za kupika. Ng'ombe wa gredi asiyetoka zizini anaweza kutoa kiasi hicho kwa siku. Fundi aliyejenga ndiye atakwambia mtambo wako unataka madebe mangapi.

Usimimine maji ya sabuni, Jik wala dawa ya kupe. Hivyo vyote huua vijidudu. Ng'ombe akidungwa dawa ya ugonjwa wa kiwele, weka samadi yake kando mpaka zile siku za kutouza maziwa ziishe.

Usiku funga koki kubwa iliyo juu ya mtambo.

3. Kazi ya kila wiki

Fungua mahali pa kutolea maji, pale paipu iko chini kabisa, maji yatoke, kisha funga tena. Moto ukirukaruka, jua maji yameingia kwa paipu.

Safisha jiko likiwa limepoa. Zibua matundu kwa waya mwembamba. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria inashika masizi, ongeza hewa kidogo. Ukiwa unaruka juu ya jiko kana kwamba unataka kuzimika, punguza hewa.

4. Kazi ya kila mwezi

Paka povu la sabuni kwenye maungio yote ya paipu na koki. Povu likifura, gesi inavuja. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja! Angalia pia mpira wa jiko. Ukiwa na nyufa, nunua mwingine.

Ingiza mti mrefu kwenye shimo la kulishia na usukume, ili tabaka gumu lisizibe njia. Fungua pia mfereji wa kutokea.

5. Wakati wa baridi

Vijidudu hupenda joto la kama nyuzi 35. Likishuka chini ya nyuzi 15, kazi yao hupungua sana. Ndiyo sababu mtambo huzikwa, kwa kuwa ardhi hutunza joto. Mvua ikichukua udongo wa juu, urudishe upesi. Mwezi wa Julai, acha maji kwenye mtungi mweusi juani na ulishe mtambo mchana, siyo alfajiri. Gesi ikipungua kidogo, usishtuke na usimwage samadi nyingi kwa pupa.

6. Jambo la uhai na kifo

Usiingie ndani ya mtambo, hata ukionekana mtupu. Ndani hakuna hewa ya kupumua, na kuna gesi yenye harufu ya yai bovu ambayo ikizidi pua haiisikii tena. Mtu akianguka ndani, usiruke kumfuata. Wengi wamekufa hivyo, mmoja akimfuata mwenzake. Ita watu, atolewe kwa kamba kutoka nje. Kutoa matope ya ndani ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Mashimo yote yawe na vifuniko vizito ambavyo mtoto hawezi kuinua. Ukisikia harufu jikoni, fungua mlango na madirisha, funga koki kubwa, na usiwashe kiberiti, taa wala tochi.

7. Faida ya mwisho

Uji unaotoka ni mbolea nzuri ya nepia, mahindi na sukuma wiki. Usiuache utiririke mtoni.

Maswali ya kujadili

- Katika kila boma, nani hulisha mtambo mwenye nyumba akisafiri?
- Je, kikundi kinaweza kuweka pesa kidogo kila mwezi za kununua mipira na koki?
- Ni nani wawili tutakaowachagua wafundishwe na fundi, watembelee kila mtambo mara moja kwa mwezi na kuandika kwa daftari?

Mithali 27:23 inatuhimiza kujua hali ya mifugo yetu. Someni mstari huo pamoja, na huyu ng'ombe wa chini ya ardhi msimsahau. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.