SOMO LA MWEZI: WATAFITI WANAPOKUJA KITUO CHA AFYA

Soma: Danieli 1:8-16



Mwaka jana watafiti walifika kwenye kituo chetu cha afya. Walituomba sisi wachungaji tutangaze ibadani kwamba wazazi wapeleke watoto wapimwe damu. Tulitangaza, na wengi walikwenda kwa sababu kanisa limesema. Miezi ikapita. Mama mmoja akatuuliza baada ya ibada: "Mchungaji, ile damu ya mtoto wangu iliishia wapi?" Hatukuwa na jibu, maana hata sisi hatukuuliza. Sasa mtoto akishikwa na homa, mama huyo anaogopa kumpeleka kituoni. Tumemwomba msamaha, na somo hili limetoka katika swali lake.

Danieli alikuwa mtu wa uhamisho. Huko Babeli alimwomba msimamizi awajaribu yeye na wenzake watatu kwa mboga na maji, kisha awalinganishe na vijana wengine. Tuone mambo matatu.

1. Anayejaribiwa ajue na akubali.
Danieli alijua atakula nini na kwa siku ngapi. Lakini kule Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, serikali ilifuatilia wanaume weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, wala hawakuambiwa ugonjwa wao. Walipewa chakula na ahadi ya gharama za mazishi. Dawa ya penisilini ilipopatikana, wakanyimwa. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Lakini kuaminiana kukishavunjika, hakujengwi kwa hotuba moja.

2. Hofu isiyopata majibu huua.
Ndugu zetu wa Beni na Butembo wanakumbuka Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na wagonjwa wakakimbia. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Hata hivyo, wakati huo huo kulikuwa na wagonjwa waliokubali kujaribiwa dawa nne, na Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili ni bora zaidi. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Damu ya mtu mmoja imekuwa msaada kwa wengi.

3. Majibu yarudishwe.
Siku kumi zilipotimia, matokeo yalionekana wazi, na Danieli na wenzake ndio waliofaidika kwanza. Mtafiti akichukua majina na damu kisha akatoweka, hata kama kazi yake ni njema, anaacha nyuma mama mwenye hofu.

Kabla ya kutia sahihi au kidole, uliza:
- Mnatafuta nini, na mtachukua nini mwilini mwetu?
- Damu na majina yetu vitatunzwa wapi, na nani?
- Nikikataa, au nikiacha katikati, nitaendelea kupata matibabu na posho? (Jibu la haki ni ndiyo.)
- Mtarudi lini kutuambia mlichokiona?

Sisi wachungaji tumeazimia kutotangaza tena jambo ambalo hatujaliuliza maswali haya. Tumepeleka swali la mama yule kituoni; bado tunangoja jibu. Nanyi, wapendwa, msiache matibabu kwa sababu ya utafiti. Mtoto akiwa na homa, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Ya kujadili nyumbani:
1. Kwa nini mkuu wa matowashi aliogopa kwanza, na nini kilimfanya msimamizi akubali?
2. Ni swali gani tunaogopa kumwuliza muuguzi, na nani atatusindikiza kuliuliza?

Tuombe: Bwana, utupe hekima ya kuuliza kwa upole, na uwape wanaotuhudumia moyo wa kujibu kweli. Amina.