Karafuu na Makonyo: Maabara Hutambuaje?

Wanachama wenzetu, yafaa tujue jinsi mafuta ya karafuu yanavyopimwa. Tone dogo hutiwa mashineni, likageuzwa mvuke kwa joto. Kisha gesi huusukuma mvuke katika mrija mrefu mwembamba. Kila kilichomo hutoka kwa wakati wake, na mashine hukichorea kilima. Kilima kikiwa kikubwa, kitu hicho ni kingi.

Kilima kikubwa kupita vyote ni cha yujinoli, yenye ukali wa karafuu. Lakini tuangalie kile cha asetati ya yujinoli: katika mafuta ya karafuu huonekana wazi, katika ya makonyo ni kidogo mno. Basi mtu akichanganya makonyo mengi, kilima hicho hupungua, na siri imefichuka. Tuchambue vyema kabla ya kuanika.