Vumbi la Ngano, Moshi wa Sigara

Umewahi kusimama nyuma ya kombaini wakati wa mavuno ya ngano kule Basotu, wilayani Hanang? Vumbi linajaa kwenye nyusi, masikioni na puani. Kilimo hicho cha mashine kilipanuliwa na shirika la umma la NAFCO miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, kwenye nyanda walizokuwa wakichungia Wabarabaig (hiyo ni habari nyingine, nayo ni ndefu). NAFCO haipo tena, ila ngano bado inalimwa na magunia bado yanabebwa. Na saa ya mapumziko ikifika, kuna wanaowasha fegi.

Hebu tuangalie kifuani. Ndani ya njia za hewa kuna ute na vinyweleo vidogo sana. Ute unanasa vumbi, vinyweleo vinausukuma kwenda juu mpaka kooni. Moshi wa sigara unavilemaza vinyweleo hivyo, na wakati huo huo unaongeza ute. Yaani kibarua anayevuta anamfukuza mfagiaji siku ile ile uchafu umezidi! Polepole njia za hewa zinavimba na kuwa nyembamba. Huko ndani zaidi, kuta za vifuko vya hewa zinaharibika, na zikishaharibika hazitengenezeki. Huu ndio ugonjwa sugu wa mapafu. Unaanza na kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, mtu anasema ni baridi tu. Baadaye anahema akipanda mlima. Mwisho anahema hata akifunga kamba za viatu.

Tatizo ni kwamba mapafu yana akiba kubwa, hivyo kwa miaka mingi mtu hasikii kitu. Huko London, Charles Fletcher, Richard Peto na wenzao waliwafuatilia wanaume wafanyakazi kwa miaka 8, wakiwapima pumzi. Matokeo yalitolewa mwaka 1977. Pumzi iliyokwisha kupotea haikurudi. Lakini kwa aliyeacha sigara, upungufu ulipungua kasi, ukawa kama wa mtu asiyevuta. Anayeacha akiwa na miaka 25 anabaki na akiba kubwa kuliko anayeacha na 50, ingawa huyo wa 50 naye anapata faida.

"Mbona babu amevuta tangu ujana na bado anachunga?" Swali zuri. Hata London si wavutaji wote walioharibika mapafu kwa kiwang'o kimoja. Shida ni kwamba hujui wewe uko kundi gani mpaka akiba iishe.

Wengine husema eti Mbulu kuna baridi, sigara inaleta joto. Nikotini hubana mishipa ya damu ya ngozi, kwa hiyo vidole vinazidi kupoa!

Vumbi peke yake nalo hudhuru, na moshi wa kuni pia: mama asiyewahi kushika sigara anaweza kuugua. Na ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu kwanza.

ZOEZI: Chukua mrija wa soda. Ziba pua, pumua kwa mrija huo tu kwa nusu dakika, kisha tembea hatua chache. (Mwenye pumu asifanye, ukisikia kizunguzungu, acha mara moja.) Sasa mwambie mwenzako: ungeweza kubeba gunia ngapi?