Nota ya Juu Ni ya Nani? Somo la Sauti kutoka "Bohemian Rhapsody"



Vijana wenzangu, wiki hii tunajifunza sauti, na mwalimu wetu ni wimbo wa roki. Usishtuke. Wimbo huu si wa Misa, na hakuna anayetaka kuupeleka kwenye Misa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, unatukumbusha kwamba muziki mtakatifu unapata heshima yake kwa kushikamana na tendo la ibada. Lakini kwenye tamasha la vijana au jioni ya michezo ya parokia, nyimbo za namna hii huwa zinaimbwa. Na hapo ndipo wengi wanaumiza koo, au wanakata tamaa kabisa na kuacha kwaya kwa sababu ya nota moja tu.

Tuanze na mwenye wimbo. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni India, katika mji wa Panchgani (ndiyo, jina limekaribia kabisa Pangani yetu!). Huko alipiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Mwaka 1964 familia ilihamia Uingereza, na mwaka 1975 kundi lake la Queen likatoa "Bohemian Rhapsody".

Sasa, swali la mtihani: nani anaimba ile nota ya juu kuliko zote, mwishoni mwa sehemu ya katikati inayofanana na opera?

Wengi watajibu Freddie. Hapana. Ni Roger Taylor, mpiga ngoma.

Sauti unazosikia pale kama kwaya kubwa ni za watu watatu tu, waliojirekodi mara nyingi, tabaka juu ya tabaka. Brian May alishika chini, Freddie katikati, Roger juu. Freddie kwa sauti yake anafika B♭ iliyo juu ya Do ya kati ya kinanda. Hapo nyuzi za sauti zinatetemeka takriban mara 466 kwa sekunde. Roger anapanda B♭ ya oktava inayofuata, takriban mara 932. Yaani maradufu kabisa.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Mwaka 2016 watafiti wa sauti wa Ulaya walipima mahojiano sita ya Freddie na kukuta sauti yake ya kuongea ilikuwa kwenye mitetemo karibu 117 kwa sekunde. Wakaona huenda kwa asili alikuwa baritoni, sauti iliyo kati ya besi na teno, ingawa dunia ilimjua kama teno. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa "wewe ni besi, huwezi kupanda", usifunge faili mapema. Na wewe unayepanda kirahisi, usidhani wengine ni wavivu.

Twende kwenye kazi yenyewe.

1. Tafuta nota kabla ya kuiimba. Usiifukuze kwa kusikiliza simu tu. Ibonyeze kwenye kinanda. Kisha iimbe oktava moja chini, mpaka sikio likubali. Wengi tunaoimba nota ya juu vibaya hatujaisikia sawasawa.

2. Panga pumzi. Simama wima, mabega yatulie, mbavu za chini zifunguke. Toa pumzi kwa "sss" taratibu, ukihesabu hadi 15, baadaye 20. Ukiinua mabega, umeshapoteza nusu ya pumzi.

3. Pasha sauti moto. Tetemesha midomo, "brrr", kama injini ya boti inayotoka mlangoni mwa mto. Panda na ushuke bila kukata. Kisha fanya hivyo kwa "uuu" laini, kutoka chini hadi juu.

4. Tofautisha kuita na kuimba. Mtu akiwa upande wa mjini anataka kumwita mwenzake aliyeko Bweni, ng'ambo ya mto, anapiga kelele za kifua. Sauti inafika, lakini jaribu kuita hivyo saa nzima! Nota ya juu haihitaji nguvu hiyo. Inahitaji sauti ya kichwa: nyepesi, shingo imelegea, taya limeshuka. Ukiona mishipa ya shingo imetoka, shuka.

5. Legeza irabu. "I" ikipanda sana inabana. Ilegeze ielekee "e" kidogo. Msikilizaji hatagundua, ila koo lako litashukuru.

6. Panda nusu toni kwa nusu toni. Nota inayokupa raha leo ndiyo msingi. Kesho ongeza hatua moja. Rudia mara tano, pumzika, kunywa maji.

7. Hamisha ufunguo. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kushusha wimbo mzima. Mkishusha toni moja, B♭ inakuwa A♭, na wimbo unabaki ule ule. Si aibu. Freddie mwenyewe, ambaye alisumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, mara nyingi jukwaani aliimba nota za chini badala ya zile za kwenye rekodi. Na ile sehemu ya opera, Queen waliiacha ipigwe kwenye kanda, wao wakitoka jukwaani.

Na tangawizi je? Yai bichi? Unachomeza kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Kinywaji cha moto kinafariji, ila hakiongezi nota hata moja. Maji, usingizi na mazoezi mafupi ya kila siku vinasaidia zaidi. Ukisikia maumivu, acha papo hapo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili tatu, nenda hospitali, usikomae.

Sasa tufike kwenye moyo wa somo. Soma 1 Wakorintho 12, pale Mtakatifu Paulo anapoeleza mwili mmoja wenye viungo vingi. Jiulize: Freddie, nyota wa kundi, alipungukiwa nini alipomwachia mpiga ngoma nota ya juu? Hakuna. Wimbo ulipata ilichohitaji. Angeing'ang'ania kwa sababu ya jina lake, tungepata nota mbovu na koo lililochanika.

Kwenye kwaya zetu ugomvi mkubwa hauwi wa muziki, unakuwa wa nafasi: nani apewe solo, nani asimame mbele. Yule dada wa sauti ya pili anayeshikilia nota moja mistari mitatu, hakuna anayempigia makofi. Mtoe, uone kama soprano itasimama. Zaburi ya 33, mstari wa 3, inatuagiza tumsifu Mungu kwa ustadi na kwa shangwe. Ustadi ni pamoja na kujua nota ipi si yako.

Zoezi la wiki: chagueni wimbo mmoja, mgawane nota za juu kwa uwezo, si kwa cheo. Kisha mjadili:

- Ni nota gani ninaing'ang'ania ili nionekane?
- Ni nani kwetu ana sauti ambayo hajawahi kupewa nafasi?

Tusali: Ee Bwana, uliyetupa pumzi, utufundishe kuitumia bila kujiumiza na bila kuwafunika wenzetu. Aliye juu asijivune, aliye chini asijidharau, na sote tusikike kama wimbo mmoja mbele zako. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.