Jeshi Dhaifu na Mji wa Mvita: Mbinu za Kujihami katika Mchezo wa Tarakilishi na katika Historia ya Mombasa

Makala haya yanachunguza namna jeshi dogo linavyoweza kujihami mbele ya jeshi lililolizidi nguvu. Mchezo wa vita wa tarakilishi unalinganishwa hapa na mapambano mawili yaliyopiganwa katika kisiwa cha Mombasa. Mchezo wenyewe ni Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999. Nyongeza yake ya mwaka 2015 iliingiza mataifa kadhaa ya Kiafrika pamoja na Wareno, na miongoni mwa mifululizo yake umo unaomhusu Francisco de Almeida. Mchezaji hupewa upande wa Almeida. Kwa hivyo, kijana wa Tudor anayeuchagua mfululizo huo huwaamuru watu walewale waliouteketeza mji ulio mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao. Mwanafasihi atauliza ni nani anayesimulia. Swali la makala haya ni jingine: waliokuwa upande wa pili walijihami vipi?

Wachezaji wazoefu hukubaliana kuhusu mambo machache. Mwenye askari wachache hapigani uwandani. Humvuta adui penye njia nyembamba, ambapo wingi wake haumfai kitu. Adui akitokea ghafla, mlinzi hugonga kengele ya mji, na wakulima hukimbilia ndani. Askari waliojeruhiwa huingizwa ngomeni, nao hupona humo polepole, huku mishale inayorushwa kutoka kutani ikiongezeka kadiri walinzi wanavyoongezeka. Muda ukipatikana, jeshi jipya huundwa. Kanuni hizi ni nzuri, na Wamvita wa mwaka 1505 walizijua nyingi kabla ya tarakilishi kubuniwa.

Almeida aliwasili Mombasa mwezi Agosti mwaka huo, baada ya kuishinda Kilwa. Mji ulikwisha kujiandaa. Penye lango la bandari palikuwa na boma lenye mizinga iliyoopolewa kutoka merikebu ya Wareno iliyoharibika hapo awali. Yaani, mnyonge alikwisha kuokota silaha ya mwenye nguvu. Wapiga mishale waliletwa kutoka bara. Vichochoro vya mji vilikuwa vyembamba mno, na juu ya mapaa ya nyumba za mawe watu walikaa tayari kuvurumisha mawe. Mtu aliyepita katika vichochoro vya Mji wa Kale hahitaji kuelezwa taabu ya askari aliyevaa chuma katika njia kama hizo.

Hata hivyo, mji ulitekwa. Baruti ya boma ilishika moto, mizinga ikanyamaza. Kisha Wareno wakazitia moto nyumba, na kwa kuwa makuti yalikuwa yamegusana na majengo ya mawe, moto uliwaka usiku kucha. Wembamba wa njia, uliokuwa ngao dhidi ya watu, ukawa daraja la moto. Taarifa za upande wa Wareno zinataja watu takriban 1,500 waliouawa mjini, ilhali wao walipoteza wachache sana. Hesabu ya mshindi ipokewe kwa tahadhari, lakini hapana shaka kwamba msiba ulikuwa mkubwa.

Katika mchezo, hapo huandikwa kwamba umeshindwa. Historia haikuandika hivyo. Mfalme na watu wengi walikuwa wamejitenga katika minazi nje ya mji, wakilindwa na wapiga mishale. Almeida alipora, akapakia, akaenda zake. Wenyeji walirudi, wakajenga upya. Hata Nuno da Cunha akalazimika kuja kuuchoma mji huohuo tena mnamo 1528 na 1529. Wareno hawakuanza kujenga Fort Jesus hadi mwaka 1593, miaka 88 baada ya Almeida.

Ngome hiyo ndiyo inayotupa mfano wa pili, na safari hii wanyonge ni Wareno pamoja na Waswahili walioungana nao. Waomani waliizingira tarehe 13 Machi 1696. Wareno waliokuwamo hawakuzidi mia moja, pamoja na mamia ya wenyeji, wanawake na watoto wakiwamo. Walifanya kile ambacho mchezo hufundisha: waliingia ndani ya kuta, wakangoja. Lakini kuta za kweli haziponyi mtu. Maradhi yaliua zaidi ya mizinga, na kila msaada ulioletwa kwa bahari uliongeza watu wa kuugua. Mnamo Agosti 1697 Wareno walikuwa karibu wamekwisha, amri ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili, akiwa na jamaa zake wachache. Yeye aliishikilia ngome hadi msaada ulipofika Septemba. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33, wakiwa wamesalia watetezi wasiofika ishirini. Merikebu za msaada zilitokea siku chache baadaye, zikaona bendera ya Oman juu ya kuta.

Walinzi wa 1505 waliuacha mji wakasalimisha watu. Wa 1698 walishikilia kuta hadi watu wakamalizika. Mchezo huu huwatuza wa pili. Lakini una pia zana ya kutungia mapambano mapya, ambayo mchezaji yeyote anaweza kuitumia. Mwanafunzi anaweza kuchora kisiwa pamoja na hori ya Tudor, kivuko cha Makupa na vichochoro vya mji, akampa mchezaji upande wa mfalme wa Mvita. Sharti la ushindi lisiwe kulilinda boma, bali idadi ya watu watakaofika katika minazi wakiwa hai kabla ya mapambazuko.