Dondoo muhimu: Kifuniko cha kardani, kwa wenye magari Shituru, Likasi
Kile kifuniko chenye mikunjo kinachokinga kardani, siku hizi mara nyingi si mpira bali plastiki inayonyumbuka: shingo yake husukumwa ikiwa uji ndani ya kalibu, kisha mwili hupulizwa kwa hewa.

Kata usukani hadi mwisho, ukague mabonde ya mikunjo. Huko ndiko hupasuka. Kiangazi, vumbi la Likasi likipenya hapo na kuchanganyika na grisi husaga chuma cha kardani.

Plastiki hii ni ngumu kuliko mpira, basi ifunge kwa kibano cha chuma kilichokazwa barabara. Waya hautoshi, hata fundi akiapa.

Ufa usiuzibe kwa gundi. Na ukisikia ta-ta-ta kwenye kona, umechelewa: kagua kardani yenyewe.