Ulimi Ndio Kioo: Kumfundisha Mtoto Asiyeona Kutunza Kinywa na Meno

Utangulizi

Masomo mengi ya afya ya kinywa huanza kwa kuonyesha. Mtaalamu huinua picha ya jino lililotoboka, mwalimu husugua mfano mkubwa wa taya mbele ya darasa, na mzazi humsimamisha mtoto mbele ya kioo. Somo la namna hiyo humpita mtoto asiyeona. Hubaki na agizo moja tu, "Piga mswaki vizuri," bila kujua "vizuri" ni vipi.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu sisi tunaohudumia na kuishi katikati ya jiji la Dar es Salaam. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, iliyopo Wilaya ya Ilala, inajulikana nchini kwa kuwapokea wanafunzi wasioona katika shule moja na wenzao wanaoona. Wapo pia watoto wanaolelewa majumbani katika mitaa ya Kariakoo, ambako ubuyu wenye sukari, kashata, barafu za ukwaju na soda hupatikana kila baada ya hatua chache. Sukari haimbagui anayeona na asiyeona.

Lengo la somo hili ni kumwezesha mhudumu wa afya, mwalimu na mzazi kumfundisha mtoto asiyeona kujisafisha kinywa mwenyewe, na kujikagua mwenyewe.

Kwa nini mtoto huyu yumo hatarini

Kutoona hakudhoofishi meno. Hatari inatokana na jambo jingine: dalili za mwanzo za maradhi ya kinywa husomwa kwa macho. Doa jeupe kwenye jino, wekundu wa fizi na damu kwenye povu la dawa ya meno ni maonyo asiyoyapata mtoto asiyeona, isipokuwa aambiwe. Mara nyingi hutambua tatizo pale maumivu yanapomnyima usingizi, na kwa wakati huo jino huenda halizibiki tena.

Tuchukue mfano wa gego la kwanza la kudumu. Huota mtoto anapofikia takribani miaka 6, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulidhani ni la utotoni, likianza kutoboka husema, "Litaota jingine." Halioti jingine. Mtoto aliyefundishwa kupapasa kinywa chake kwa ulimi anaweza kuwa wa kwanza kutoa habari kuwa jino jipya limefika.

Sikia, gusa, tenda

Mwaka 2012 wataalamu wa meno nchini India walichapisha mbinu ya kuwafundisha watoto wasioona kwa kuunganisha mambo matatu: kusikia maelezo, kugusa, na kutenda. Mpangilio huo unaweza kufuatwa hapa kwetu kwa vifaa vya kawaida kabisa.

Hatua ya kwanza: kujua umbo. Mpe mtoto hindi bichi lililomenywa maganda. Apapase safu za punje na mifereji iliyo kati yake. Mweleze kwamba meno nayo yamepangwa hivyo, na kwamba chakula hujificha mferejini. Pakaza uji mzito, uache ukauke kidogo, agusa tena. Kisha asugue kwa mswaki mkavu na kulinganisha kwa kidole kabla na baada.

Hatua ya pili: kujua kinywa chake. Baada ya kunawa mikono, apitishe ncha ya ulimi juu ya kila jino. Mwulize: wapi panateleza? Wapi pana ukakasi? Ukakasi huo ni ukoga, yaani utando wa bakteria na mabaki ya chakula. Ukiachwa hugeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Kwa watoto wanaoona, wataalamu hutumia rangi kuonyesha ukoga. Kwa mtoto huyu, ulimi ndio kioo.

Hatua ya tatu: kujua mwendo. Usimkamate mkono ghafla. Mwambie kwanza: "Mwanangu, sasa nitashika mswaki, weka mkono wako juu ya wangu." Mkono wake ukiwa juu, anaufuata mwendo kwa hiari na anaweza kuuondoa akitaka. Baadaye mbadilishane: yeye ashike mswaki, nawe umsindikize kwa wepesi. Kwa mtoto asiyeona na asiyesikia, hatua hii ndiyo lugha yenyewe, na hurudiwa kwa utaratibu uleule kila siku.

Ramani ya sehemu sita

Ligawe kila taya katika sehemu tatu: kulia, mbele na kushoto. Jumla ni sehemu 6. Mtoto aanze juu kulia, apite mbele hadi kushoto, ashuke chini kushoto na kurudi hadi kulia. Katika kila sehemu asugue upande wa nje, upande wa ndani na sehemu ya kutafunia, huku mkubwa akihesabu polepole hadi 20. Sekunde 20 kwa sehemu 6 ni dakika 2, muda unaoshauriwa kwa kila mara. Asipige kwa nguvu. Mswaki laini unaopita taratibu mpakani mwa jino na ufizi unatosha. Utaratibu usibadilishwe, kwani ndio unaomhakikishia kwamba hakuna jino lililosahaulika.

Afanye hivyo mara 2 kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Mkubwa aendelee kumsimamia mpaka afikie walau miaka 7 au 8, kama inavyoshauriwa kwa mtoto yeyote.

Vifaa na mahali pake

- Mswaki uwe na alama ya kushikika, kama mpira wa kufungia noti au uzi uliozungushwa kwenye mpini. Katika bweni, alama hiyo ndiyo inayozuia kuchangia mswaki.
- Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6 kiasi kisizidi punje ya njegere. Chini ya hapo, punje ya mchele. Aikamulie kwenye ncha ya kidole safi apime, kisha aipake kwenye mswaki.
- Tyubu ya dawa ya meno isikae pamoja na tyubu za mafuta au dawa za ngozi. Mkononi zote hufanana.
- Mswaki, kopo la maji na dawa virudi mahali palepale kila siku.
- Mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi 3 hivi, au nyuzi zinapotawanyika. Mfundishe kuzipapasa.

Kumpokea kliniki

Mtoto asiyeona hutishwa na kisichotangazwa. Jitambulishe, na zungumza naye yeye, si mzazi peke yake. Akisema, "Shikamoo daktari," mwitikie kwa jina lake ili ajue umemwelekea. Mpe kioo kidogo cha kinywa akishike. Mwambie kabla ya kulaza kiti, kabla ya maji kuingia na kabla ya mashine kulia. Kwa mtoto mwenye ualbino, mwanga mkali wa taa ya kliniki huumiza macho. Uelekeze kinywani tu, au mpe miwani ya giza.

Mwalimu na mzazi wamfundishe kutoa taarifa mapema anapohisi mojawapo ya haya: ladha ya damu anapotema, ufizi unaouma au uliovimba, shimo au ncha kali chini ya ulimi, au jino linaloshtuka kwa baridi na utamu. Kila moja ni sababu ya kufika kituo cha afya bila kungoja maumivu makali.

Hitimisho

Wengi wetu, kwa huruma, humpigia mswaki mtoto asiyeona hata akiwa mkubwa, kwa kuwa ni haraka zaidi. Huruma hiyo humwacha bila ujuzi siku atakapokuwa peke yake. Wiki chache za uvumilivu, kwa mkono juu ya mkono, humpa ujuzi wa maisha yote. Usiku wa leo, mzazi mwenzangu, baada ya mtoto kumaliza kusugua, usimwambie kama meno yamesafika. Mwulize ulimi wake unasemaje.